Mpagazi na Mzigo Asioujua



Jioni moja, baada ya ibada, kijana mmoja wa usharika wetu hapa Tabora alinijia nyumbani. Alikuwa amerudi kutoka mji mkubwa wa nchi jirani, alikokaa miaka mitatu katika utumishi wa kampuni moja, mojawapo ya zile zinazofanya kazi ya kompyuta na intaneti. Kampuni hiyo siitaji, wala kijana mwenyewe simtaji. Lakini ameniruhusu kuyaandika maneno yake, kwa kuwa aona huenda wako wengine wenye swali kama lake. Tulipokwisha kuulizana hali alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, nataka kuungama, lakini sijui kama nilichokifanya ni dhambi."

Nikamwambia aseme kwanza alichokifanya, ndipo tutazame pamoja.

Akasema, "Mwaka wa kwanza nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta, nikaletewa picha za barabara na mashamba na watu, nyingine zimepigwa kutoka juu angani. Kazi yangu ilikuwa kuchora mstari kuzunguka kila kitu na kukiandika jina: huyu ni mtu, hili ni gari, hili ni paa la nyumba. Twafanya hivyo ili mashine ijifunze kutambua vitu. Nilimwuliza msimamizi mashine hiyo ni ya kazi gani. Akanijibu kwamba hilo halimo katika mapatano yangu. Sasa, Mwalimu, ikiwa mashine ile yamsaidia mkulima kuhesabu miti yake, nimefanya jema. Ikiwa yaongoza bomu, nimefanya nini?"

Nikamwuliza, "Na miaka miwili iliyofuata?"

Akainama. "Hiyo nilitia sahihi kwamba sitamwambia mtu ye yote, hata mama yangu. Niliwekwa kutazama picha ambazo watu huzituma katika intaneti, na kuziondoa zilizo mbaya kabla wengine hawajaziona. Nimeona mambo ambayo watu huwatenda watu. Nimerudi nyumbani salama, nina mali kidogo, wadogo zangu wamelipiwa shule. Lakini silali."

Usiku ule sikuwa na jibu zuri. Tuliomba pamoja, akaenda zake. Tangu siku ile nimelitafakari swali lake, na haya nayaandika kwa ajili yenu, hasa ninyi walimu wa ukristo, kwa kuwa vijana wa namna hii watawajia ninyi pia. Swali lenyewe naliona kuwa mawili. La kwanza: Je, mtu ataulizwa juu ya mzigo alioubeba bila kujua kilichomo ndani? La pili: Je, iko siri ambayo tajiri aweza kumfunga nayo mtumishi wake hata asiweze kumwambia mtu maumivu yake?

*

Sisi wa Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa maana mji wetu ulikuzwa na mizigo. Kabla ya reli, njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na nyika kavu ya Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe; na kutoka hapa njia zikagawanyika, moja kwenda Ujiji, na nyingine kwenda Karagwe na nchi za kaskazini. Kila mwaka makumi ya maelfu ya watu walipita wakiwa na mizigo mabegani, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, waliokwenda kwa hiari yao ili wapate mshahara. Kazi hiyo ilikuwa na sifa. Kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa kama mtoto.

Tuitazame kazi yenyewe. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, yaani karibu kilo 32. Ni mzito, na safari ilikuwa ya miezi. Walikuwako waliokufa njiani kwa njaa, kwa ndui na kwa vita. Asiseme mtu kwamba ilikuwa kazi nyepesi. Lakini mpagazi alikuwa na mambo manne ambayo kijana yule hakuwa nayo.

Kwanza, alikijua alichokibeba. Pembe alijua ni pembe, merikani alijua ni merikani, ushanga alijua ni ushanga. Pili, alimjua mwenye mali. Alimwona asubuhi akitoka hemani na jioni akila. Tatu, hakuwa peke yake. Alikwenda pamoja na ndugu na majirani, nyuma ya kirangozi, na msafara ulipotendewa vibaya mizigo yote iliwekwa chini kwa pamoja, ikawa tajiri hana budi kusema nao. Nne, palikuwa na mwisho wa safari. Jioni mzigo uliegemezwa mtini, watu wakapika, wakaimba, wakasema habari za mchana. Hata utani ulioko mpaka leo kati ya Wanyamwezi na makabila ya upande wa pwani, wengi husema ulipata nguvu katika njia ile: mgeni aliyeugua mbali na kwao alimpata mtani wa kumsaidia, na akifa, wa kumzika.

Basi mtu aweza kusema, "Heri kazi ya zamani." La, ndugu zangu, tusiseme hivyo upesi. Katika njia ile ile walipita watu wenye makongwa shingoni na minyororo. Wako wapagazi waliobeba pembe kwa mshahara, huku mbele yao wanawake na watoto wakienda bila mshahara na bila ruhusa. Tena wako Wanyamwezi wenye mali walionunua watumwa ili wawalimie mashamba. Mpagazi wa siku zile hakuweza kusema, "Sikujua." Alijua, kwa maana aliona kwa macho yake. Kujua kwake kulimpa heshima, na kujua huko huko kulimpa hatia. Hayo mawili hayaachani. Anayejua kilicho mzigoni aweza kuubeba kama mtu mzima, na kama mtu mzima ataulizwa.

Baadaye ilikuja reli. Ilifika Tabora mwaka wa 1912, Kigoma mwaka wa 1914, na tawi la kutoka Tabora likafika Mwanza mwaka wa 1928. Kazi ikagawanyika vipande vipande: huyu atia mafuta, huyu akaza misumari ya njia, huyu aandika tikiti, huyu ageuza njia ili gari la Mwanza lisiende Kigoma. Hakuna mmoja aliyeweza kusema, "Mimi nimeupeleka mzigo huu mpaka ziwani." Hata hivyo mgeuza njia alijua vema kazi yake ni ya nini. Alijua kwamba akilala, watu watakufa. Kwa hiyo kugawanya kazi si uovu. Kanisa lenyewe ni mwili mmoja wenye viungo vingi, na mguu haufanyi kazi ya jicho. Uovu waanza pale mtu anapofichwa kusudi la kipande chake kwa makusudi, asije akauliza.

*

Sasa tuitazame kazi mpya. Watu wengi hudhani kwamba mashine hizi ziitwazo akili bandia hujifunza zenyewe, kama uyoga uotavyo usiku. Sivyo. Zimefundishwa na watu, na wengi wa watu hao ni vijana maskini wenye elimu. Katika Nairobi, kampuni ya Sama iliwaajiri vijana wa Kenya na wa nchi nyingine za Afrika, na tangu mwaka wa 2019 mpaka mwaka wa 2023 iliwaweka wengine kutazama na kuondoa mambo mabaya katika Facebook, kwa ajili ya kampuni ya Meta ya Marekani. Vijana wengine walisoma maneno machafu na ya kutisha ili kuifundisha mashine ya kampuni ya OpenAI isiyaseme. Gazeti la TIME liliandika mwezi wa Januari 2023 kwamba hao wa mwisho walipokea mkononi kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa.

Mwezi wa Mei 2022 Daniel Motaung, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekuwa mmoja wa watumishi hao, alizishtaki Sama na Meta katika mahakama ya Nairobi, akisema kwamba kazi ile ilimwumiza roho na kwamba hakuambiwa mapema itakuwaje. Mwezi wa Machi 2023 wenzake zaidi ya 180 wakapeleka mashtaka yao wenyewe. Kampuni zilijitetea, na kusema kwamba watumishi walipewa washauri wa kuwasaidia. Kesi na zisikilizwe na mahakimu. Kazi yangu si kuhukumu hapa. Neno moja tu nataka mliangalie. Meta ilisema kwamba yenyewe si kampuni ya Kenya, na kwamba vijana wale hawakuwa watumishi wake, bali watumishi wa yule mwingine. Mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilikubali kwamba kesi zaweza kuendelea katika nchi ile.

Mwaliona jambo hili? Mzigo ni wa tajiri, faida ni ya tajiri, lakini mpagazi akianguka, tajiri asema, "Huyo simjui." Katika njia ya misafara tajiri mwovu alimwacha mgonjwa porini, naye alijulikana kwa jina, na sifa yake mbaya ilimtangulia mpaka Bagamoyo. Leo tajiri yuko mbali ng'ambo ya bahari, na kati yake na mpagazi wamesimama wasimamizi watatu au wanne, na kila mmoja aweza kusema kweli kwamba yeye hakutoa amri.

Tena tuwe wa haki. Si kila kazi ya kampuni hizi ni mbaya. Kijana wetu amesomesha wadogo zake kwa mshahara ule, na hakuna mwenye njaa atakayemlaumu. Tena kuuondoa uchafu usiwafikie watoto ni kazi njema, kama kazi ya mtu ashukaye kisimani kuutoa mzoga ili kijiji kipate maji safi. Luther alifundisha kwamba kijakazi afagiaye nyumba kwa imani amtumikia Mungu, wala hapungukiwi na mtawa katika nyumba yake ya sala. Wito ni wito. Ila ashukaye kisimani afungwa kamba kiunoni, na watu huishika juu. Kijana wetu alishuka, na juu hapakuwa na mtu.

*

Nalijibu sasa swali la kwanza. Je, mtu ataulizwa juu ya mzigo asioujua?

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 7, Stefano apigwa mawe. Kijana mmoja, Sauli, hakutupa hata jiwe moja. Kazi yake ilikuwa ndogo: mashahidi waliweka nguo zao miguuni pake, akazilinda. Kama angalitaka kujitetea, maneno alikuwa nayo. Angaliweza kusema, "Mimi nililinda nguo tu, kulinda nguo si kosa katika torati." Lakini miaka mingi baadaye, katika mlango wa 22, twamsikia yule yule, sasa ni Paulo, akisimulia habari zake. Halifichi jambo lile, wala halifanyi kuwa dogo. Asema kwamba alikuwapo, kwamba alikubali, na kwamba nguo alizilinda yeye. Kipande chake kidogo akitambua kuwa sehemu ya tendo zima.

Lakini angalieni tofauti. Sauli aliliona jiwe likienda, na moyo wake ulikubali. Kijana wetu hakuona, akauliza, akanyimwa jibu. Kwa hiyo namwona yuko mahali pengine. Nadhani yatupasa kujiuliza maneno matatu. La kwanza: Je, nilijua? La pili: Ikiwa sikujua, je, nilijifanya nisijue, kwa sababu kujua kungenipotezea mshahara? La tatu: Sasa nikiwa nimeanza kujua au kushuku, nafanyaje?

Ajibuye la kwanza kwa kusema, "Sikujua," na la pili kwa kusema, "Niliuliza," huyo asijitwike hatia ya watu wengine. Hatia ni ya wale waliolifunga furushi na kuizuia midomo. Ni kiburi pia kujitwika dhambi isiyo yako, kana kwamba wewe ndiwe uliyeishika dunia mkononi. Lakini la tatu laendelea kuuliza. Mtu aliyeanza kushuku kwamba mzigoni mna damu hawezi kuubeba leo kama alivyoubeba jana. Huenda hawezi kuacha kazi leo, kwa kuwa watoto wala. Basi aanze na lililo dogo: aulize tena, aulize pamoja na wenzake, atafute kazi nyingine akiwa bado ana hii. Wapagazi wa zamani waliweka mizigo chini kwa pamoja, kwa maana mmoja akiweka peke yake huachwa porini. Hata katika Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, watumishi zaidi ya 150 wa kazi hii walikutana na kukubaliana kuunda chama chao. Katika hilo naona hekima ya njia ya zamani.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther alipofundisha habari za maungamo, alimwagiza mtu aitazame kwanza hali yake mbele ya Amri Kumi: kama ni baba au mama, mwana, bwana, au mtumishi. Kwa hiyo muungamaji hulijibia lile alilopewa yeye, hajibii mambo yote ya ulimwengu. Na bwana naye, mwenye kampuni, ataulizwa kama bwana. Umbali wa bahari hautamsaidia siku ile.

*

Swali la pili ni la siri. Hapa nasema kwa uthabiti zaidi.

Iko siri iliyo halali. Fundi aweza kumwambia mwanafunzi wake asiuze habari za ufundi wake sokoni. Karani wa hospitali hapaswi kutangaza magonjwa ya watu. Picha ambazo kijana wetu aliziona zilikuwa za watu wenye majina na mama zao, na ni vema asiwatangaze. Ikiwa ameahidi kuzitunza siri za biashara za tajiri wake, na aitimize ahadi yake, maana neno la Mkristo ni neno.

Lakini kidonda chake si mali ya kampuni. Kampuni ilinunua saa zake, na macho yake kwa saa hizo. Usingizi wake haikuununua. Mtu akiumia mkono katika kiwanda, hakuna mapatano yawezayo kumkataza kumwonyesha mganga mkono wake. Kwa nini basi aliyeumia roho asiseme, "Nimeumia"?

Mtume Paulo, katika Waraka kwa Wagalatia, mlango wa 6, asema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Katika aya ya 2 atuagiza tusaidiane kubeba mizigo, na kwamba kwa kufanya hivyo twaitimiza sheria ya Kristo. Katika aya ya 5 asema kwamba kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Wengi huuliza ni lipi lililo kweli. Mpagazi wa Unyanyembe angalilielewa mara moja. Uko mzigo wako uliopewa, frasila zako 2, nao hutampa jirani kwa uvivu. Huo ni wito wako na dhamiri yako, utaujibia mwenyewe. Tena uko uzito unaokuangusha njiani, homa, kidonda, msiba. Huo hakuna mtu aliyeumbwa kuubeba peke yake, na msafara unaompita aliyeanguka umeacha kuwa msafara wa watu.

Basi nasema: mapatano yamkatazayo mtu kusaidiwa uzito wa namna ya pili yapingana na sheria ya Kristo, na katika jambo hilo hayamfungi Mkristo. Na aende kwa mchungaji wake, au kwa mganga, au kwa mama yake, aseme, "Nimeona mambo mabaya, nami nimechoka." Hana haja ya kueleza picha hata moja. Machozi hayana siri ya biashara ndani yake.

*

Liko jambo moja zaidi, nalo latuhusu sisi tusiofanya kazi katika kampuni hizo. Wengi wetu tuna simu mkononi. Twaifungua asubuhi, twaona nyimbo, matangazo ya misiba na arusi, habari za sharika, na kwa kawaida hatuoni maiti wala mateso ya watoto. Twadhani ni safi yenyewe. Sivyo, yuko mtu aliyeona ili sisi tusione. Bwana wetu, katika Luka mlango wa 11, aliwakemea wanasheria waliowafungia watu mizigo mizito, nao wenyewe hawakuinyoshea hata kidole kimoja. Twasogeza kioo kwa kidole kimoja mchana kutwa. Je, kidole hicho kimewahi kumsaidia mbebaji?

Hapo zamani mwenye kununua pembe katika Ulaya, akicheza kinanda chenye vipande vyeupe, hakuyaona mabega yaliyoileta. Twamlaumu, na twafanya vema. Lakini sisi nasi tumekaa leo mahali pake.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, nawaomba neno. Kijana akirudi kutoka Nairobi, au Dar es Salaam, au ng'ambo, msimwulize kwanza amerudi na nini. Mwulizeni alibeba nini. Kisha nyamazeni, mpeni nafasi ya kujibu. Akishindwa kujibu siku hiyo, mwulizeni tena mwezi ujao. Na vijana wanaotaka kwenda, wafundisheni kuuliza kabla ya kutia sahihi: Mzigo huu ni wa nani? Unakwenda wapi? Nikianguka, nani ataniinua?

*

Kijana yule alirudi kwangu baada ya majuma mawili, nikamweleza haya niliyoyaandika. Kisha tukatembea mpaka Kwihara, ambako kuna nyumba aliyokaa Livingstone mwaka wa 1872, akingojea watu watakaotumwa kutoka pwani. Nikamsimulia habari anayoijua kila mtoto wa hapa, ila nilitaka aisikie kwa masikio mapya.

Livingstone alifariki mwaka wa 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kimo katika Zambia. Watumishi wake, Chuma na Susi, na Jacob Wainwright, na wenzao, waliukausha mwili wake wakauchukua kuelekea pwani. Walipofika hapa Unyanyembe mwezi wa Oktoba, walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron, naye akawashauri wauzike mwili papa hapa, kwa kuwa njia ya mbele ni ya hatari. Wakakataa. Mbele kidogo, kwa kuwa watu wa vijiji waliogopa maiti kupita katika nchi yao, waliufunga mwili upya uonekane kama mtumba wa nguo, wakaendelea. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Nikamwambia, "Tazama, watu wa vijijini waliuona mtumba ukipita, wasijue kilichomo. Lakini mabega yaliyoubeba yalijua. Ndiyo maana hawakuweza kuuweka chini hata mkubwa mmoja alipowaambia wauweke. Mtu akijua alichokibeba na kwa nini, aweza kubeba kizito kuliko nguvu zake. Wewe ulibeba usichokijua, kwa ajili ya mtu usiyemjua. Si ajabu kwamba kilikuchosha."

Alikaa chini ya mwembe muda mrefu. Mwisho akaanza kusema, si habari za picha, bali habari za usiku wake. Nami nikasikiliza. Tulirudi mjini jua limekwisha kutua. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani pamoja na mama yake, na baada ya ibada mama yule alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, ameniambia kwamba halali. Sasa twakesha wawili."

Yeye awaitaye wote waliolemewa na mizigo, na atusaidie tuwe watu wanaoshika kamba juu ya kisima. Amina.